Magongo Yangu Yalipopelekwa Malakisi

Baba aliponiambia kwamba nitakwenda kambi ya likizo Kitale, nilijiuliza jambo moja tu: kwa nini Agosti?

Sikuuliza kwa sauti. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa nimeshajua kwamba ukimuuliza mtu mzima swali la moja kwa moja unapewa jibu la mtoto. Niliendelea kumenya viazi huku nikimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo. Baba yangu hajui kudanganya, na mtu asiyejua kudanganya akianza, unaona mwili wote unahangaika.

Kwetu, nje kidogo ya mji wa Bungoma, Agosti ya mwaka wa tohara si mwezi wa kumpeleka kijana popote. Ni mwezi wa kurudishwa nyumbani, hata kama unaishi Nairobi na umesahau lugha. Vijana wa rika langu walikuwa wameanza kunong'onezana kabla shule hazijafungwa. Jioni ungemsikia mmoja nyuma ya shamba la miwa akijaribu kengele za mkono, zile tunazoziita chinyimba, akizigonga kwenye vyuma alivyovaa vifundoni mwa mikono, akipoteza mdundo na kuuanza upya. Kila mmoja wao alikuwa ameshamwendea baba yake na kumwambia, "Nataka." Ndivyo inavyofanywa. Mzazi hamwiti mtoto. Mtoto anakuja mwenyewe, anafukuzwa, anaambiwa bado ananuka maziwa, anarudi tena, mpaka akubaliwe. Kisha anazunguka kwa jamaa zake na kengele, akicheza barabarani, kundi likimwimbia nyuma, kuwaalika.

Kwa mjomba, ndugu wa mama, ndiko kwenye kazi. Mjomba hampokei kijana kwa upole. Anamtukana. Anamwita mwoga, anamwambia atakimbia akikiona kisu na kuwaaibisha watu, arudi nyumbani akanyonye. Kijana anasimama palepale akipiga kengele usoni mwa mjomba mpaka yule mzee aridhike na kumchinjia ng'ombe. Nilimshuhudia kijana wa jirani akitukanwa na mjomba wake hadi mama yake akalia. Yule kijana alitembea kwa maringo mwezi mzima, utadhani amepewa shamba.

Mimi sikuwa nimesema nataka. Miguu yangu haikupata nguvu tangu kuzaliwa, natembea kwa magongo mawili, na mtu wa magongo mikono yake ndiyo miguu yake. Kengele atazipiga na nini? Nilikuwa na hakika kwamba watu wa nyumbani walikuwa wamejiuliza hivyo na kujijibu bila kuniita. Basi nilinyamaza na kungoja nione nani atakuwa wa kwanza kunitazama machoni. Hakuna aliyenitazama.

Na nyuma yangu kuna mdogo wangu. Ananifuata kwa karibu, na ana miguu ya mbuzi, hatulii. Kwetu mdogo hatangulii mkubwa wake kwenye tohara. Mkubwa akiwa bado, mdogo anasubiri, au sivyo mkubwa amerukwa, na aliyerukwa anabaki mtoto nyumbani kwao hata akiota mvi. Lakini je, mkubwa akiwa hayupo? Akiwa Kitale, kwa mfano, anakula vizuri na kucheza mpira? Hapo ndipo nilipoielewa ile kambi.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikuzaliwa hivyo. Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka kwenye mkutano wa injili uwanjani. Mhubiri akanipandisha jukwaani, akanipokonya magongo, akayatupa, akawaambia watu watazame. Watu wakatazama nikianguka. Akaendelea na mwingine. Miaka kadhaa baadaye wageni walikuja shuleni na kiti cha magurudumu kipya, wakaniketisha, wakanipiga picha chini ya bendera, wakakipakia tena kwenye gari na kwenda nacho shule nyingine. Wote hao walinisemesha kwa sauti moja, ile laini, ya "pole sana kijana." Tangu hapo nikiisikia sauti hiyo natazama kwanza mikono ya anayesema.

Kwa hiyo nilianza kupeleleza nyumbani kwetu. Jambo la kwanza lilikuwa kimea. Mama ni mtu wa kanisa, pombe haivuki mlango wake. Lakini nyuma ya jikoni nilikuta nafaka ya wimbi iliyooteshwa imeanikwa mkeka mzima.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Ya uji."

"Hii yote?"

"Kwani wewe hunywangi uji?"

Kimea kile kingetosha uji wa shule nzima na walimu wao. Kimea kingi namna hiyo kinaoteshwa kwa sababu ya busaa, pombe ya nafaka, na busaa nyingi namna hiyo inapikwa kwa sababu ya wageni. Nikaliweka hilo moyoni.

Jambo la pili lilikuwa magongo. Yangu yalikuwa ya chuma chepesi, yanayoshika kwenye kiwiko, mpira wa chini ukiwa bado mpya. Asubuhi moja baba aliyachukua kutoka kando ya kitanda changu.

"Nitapereka hii Malakisi ikatengenezwe."

"Haijaharibika."

"Itaharibika."

Nilimtazama. Malakisi ni mbali, na watu wanaijua kwa tumbaku. Mwenye gongo bovu anakwenda kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni Bungoma. Baba akanipa magongo ya mbao ya marehemu nyanya, mafupi, yamefungwa matambara kwapani, yananuka ugoro. Nilipoyashika nilionekana kama mtu anayetafuta sindano chini. Nilikasirika sana siku ile. Nilijiambia: wanamchukulia mtu miguu yake ili asiweze kurudi.

Jirani anayepeleka ndizi Kitale ndiye aliyetubeba kwenye pikapu yake. Kule langoni baba alinishusha, akaninyoosha kola ya shati, akasema maneno ambayo niliyachambua baadaye usiku na mchana: "Usikuje nyumbani mpaka nikuje kukuchukua mimi mwenyewe. Hata mtu akikwambia nini." Kisha akapanda gari haraka, na hakugeuka.

Kambi ilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa, njia ya kwenda Saboti. Nyasi pana, mabweni marefu, jiko linalotoa moshi toka alfajiri, na Mlima Elgon ambao ulionekana asubuhi tu kabla mawingu hayajaufunika. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Kila uliyemtazama alikuwa na kitu: huyu kiti cha magurudumu, yule mguu wa bandia, mwingine mkono uliokomea kiwikoni. Sikuwa nimewahi kuwa mahali ambapo hakuna anayegeuka kunitazama, na hilo lenyewe nikalishuku.

Nilishuku pia chakula. Walitupa chapati siku ya Jumanne. Chapati, Jumanne, si Krismasi wala harusi! Nilikula nyingi tu, lakini nilikula nikitazama mlango. Mama wa kambi, mwanamke mnene mwenye sweta na filimbi shingoni, aliniletea kiti cha magurudumu, akasema nikitumie maana yale magongo yalikuwa mafupi. Nikakataa. Nilikuwa nimeshaviona viti vya kupigiwa picha. Na kweli kulikuwa na kijana wa kamera, na kila alipokuja upande wangu nilijifunika uso kwa kofia.

"Wee, mbona unaficha uso ka mtu wa kotini?"

Aliyeuliza alikuwa msichana wa mjini Kitale, mkubwa wangu kidogo. Mguu wake mmoja ulikatwa baada ya ajali ya pikipiki, na ule wa bandia alikuwa ameuchora kwa kalamu za rangi toka gotini hadi kwenye kisigino: maua, vinyonga, jina la timu yake ya mpira. Kila aliyefika kambini alipewa kalamu achore kitu chake. Nilipoambiwa nichore niliuliza kwa nini. Alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo aliniita Inspekta.

"Niaje Inspekta, leo umeshika nani?"

Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana wa Saboti, mwana wa wakulima wa mahindi, mabega kama mlango, miguu myembamba isiyomfaa kitu. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, na starehe yake ilikuwa kuiachilia kwenye mteremko wa jikoni huku akipiga kelele, mpishi naye akimlaani. Watu wawili hao waliamua kwamba mimi ni wao. Sikuombwa.

Mchezo mkuu wa kambi ulikuwa voliboli ya kukaa. Wavu unashushwa, wote mnakaa kwenye nyasi, na sheria ni kwamba makalio yasiinuke toka chini unapopiga mpira. Nilikaa pembeni siku za mwanzo. Mchezo wa watu waliokaa, nilijiambia, umetungwa na mtu aliyesimama. Nilikuwa ninawaza hivyohivyo mpira uliponipiga usoni, paa, kofia ikaruka. Msichana wa Kitale ndiye aliyeupiga. Nilingoja ile sauti laini. Nilingoja mtu aje kunishika bega aniulize kama nimeumia.

"Rudisha mpira bana!" akapaza sauti kijana wa Saboti. "Unatuchelewesha!"

Nilishikwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Nikatambaa hadi uwanjani, nikaurudisha ule mpira kwa nguvu zangu zote, ukampata kijana wa Saboti kifuani, akaanguka chali akicheka. Mtu anayetembea kwa mikono maisha yake yote ana mikono, na mimi sikuwa nimewahi kuitumia kwa kitu kingine zaidi ya kutembea. Tulicheza mpaka mvua ikatufukuza. Nilikuwa na matope masikioni. Nilifurahi, na nasema waziwazi kwa sababu sikuwa nimepanga kufurahi, na nilipolala ile furaha ilinitia wasiwasi. Nilidhani ndiyo hasa kazi niliyoletewa: nifurahi, nisahau nyumbani.

Kwa hiyo siku iliyofuata nilimwomba mama wa kambi simu. Mdogo wangu ndiye aliyepokea.

"Haro."

"Ni mimi. Uko wapi?"

"Nyumbani."

Nyuma ya sauti yake nilisikia kengele. Mlio wa chuma kwa chuma, unaanza, unakwama, unaanza tena.

"Nani anapiga kengele?"

"Kengele gani?"

"Hiyo!"

Akasema, "Ni ya ng'ombe."

Ng'ombe wetu ni mmoja, na hajawahi kuvaa kengele maishani mwake.

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe ya watu. Inapita tu."

"Na magongo yangu?"

"Baba alisema usiulize." Akakata simu.

Nilibaki nimeshika simu sikioni, mama wa kambi akinitazama. Nilirudisha ile simu, nikashukuru, nikaenda kukaa nyuma ya bweni. Kimea cha mama, baba kuniambia nisirudi, magongo kupelekwa Malakisi, na sasa kengele uani kwetu, mdogo wangu akizificha. Haikubaki hata nafasi ya shaka. Walikuwa wananiruka. Akilini nilimwona mdogo wangu akicheza barabarani, baba mbele, shangazi zangu wakipiga vigelegele, na mtu fulani akiuliza mkubwa wake yuko wapi, na kujibiwa, yule tulimpeleka Kitale, maskini, huko anatunzwa vizuri. Lile neno "maskini" nililisikia kabisa.

Baada ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kwenye ukumbi wanachora, nilitoka kwa lango. Nilikusudia kwenda Bungoma. Namna ya kufika nilikuwa sijaifikiria. Mvua ilikuwa imepita na barabara ya udongo ilikuwa telezi. Magongo ya nyanya yalizama, nikayang'oa, yakazama. Sijafika mbali, gongo la kushoto likakatika katikati, nikaanguka kifudifudi.

Nilipoinua kichwa nikaona vinyonga. Msichana wa Kitale alikuwa amenifuata.

"Inspekta, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Wananiruka."

"Nani anakuruka?"

Nikamweleza, nimelala kwenye matope, nalia kwa hasira. Yeye ni mtu wa mjini, alisikiliza bila kuelewa nusu. Lakini kijana wa Saboti alikuwa ameshafika na baiskeli yake, anahema, na yeye alielewa yote. Watu wa mlimani nao wanatahiri.

"Kwetu pia iko," alisema. "Mimi walinipeleka hosipitali. Daktari alikuwa mzuri, alinipatia soda. Hakuna mtu aliimba. Nilirudi nyumbani, mama akaniuliza ati kama nimekula."

Akacheka, lakini hakikuwa kile kicheko chake cha mteremkoni. Machozi yangu yalikauka palepale. Msichana wa Kitale alianza kukwangua matope kwenye mguu wake wa rangi kwa kijiti, polepole, ili asimtazame yeyote.

Walinipandisha nyuma ya ile baiskeli, nimemshika kijana wa Saboti kiunoni, msichana akisukuma, mpaka langoni, ambapo mama wa kambi alikuwa anatungoja mikono kiunoni. Nilijiandaa kwa sauti laini.

"Ungegongwa na rori huko!" alifoka. "Ningeambia baba yako nini? Ati kijana yako nimemwokota kwa barabara? Kichwa ngumu! Kaa kwa hiyo kiti, na nisikuone umetoka!"

Alikuwa amekasirika kweli. Nilikaa kwenye kiti cha magurudumu, na kwa mara ya kwanza toka nifike sikumshuku.

Jioni ile kulikuwa na muziki ukumbini. Wenzangu walikuwa na ngoma na kayamba. Mimi nilikuwa kitini, sina magongo, na nilipotazama mapajani niliona mikono yangu haifanyi kitu. Naweza kuhesabu nyakati chache ambazo nilikuwa kati ya watu mikono yangu ikiwa mitupu. Nikamwomba mpishi vifuniko vya sufuria. Nikagonga kimoja kwa kingine, taratibu, nikautafuta ule mdundo uliokuwa ukitoka nyuma ya shamba la miwa. Nilikuwa naujua. Nilikuwa naujua kuliko wale waliokuwa wakiukosea. Kijana wa Saboti akaingiza wimbo wa kwao, ambao haukuwa wa mdundo ule hata kidogo, akaulazimisha mpaka ukakubali. Msichana wa Kitale akapiga mguu wa bandia sakafuni. Nilipiga hadi viganja vikawaka moto.

Siku zilizobaki nilikuwa mtu wa kelele. Asubuhi niliwaamsha kwa vifuniko, mpishi akinifuata kuvidai. Nilicheza voliboli, nilichora ng'ombe mwenye kengele kwenye mguu wa msichana wa Kitale, nilishuka mteremko na ile baiskeli nikaingia kwenye ua wa mpishi. Lakini kiti kilikuwa cha kambi. Kila nilipokiacha nikalale nilikumbuka kwamba kitabaki Kitale, na mimi nitarudi kwetu na gongo moja la mbao na mdogo aliyenitangulia.

Siku ya kufunga kambi wazazi walialikwa. Tulikuwa tunacheza mbele yao pikapu ya ndizi ilipoingia. Nyuma alikuwa amekaa mdogo wangu, ameshikilia kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Niliacha mpira ukapita. Sikumtazama usoni. Nilitazama miguu yake, nione atashukaje, maana aliyetahiriwa karibuni anashuka garini kwa adabu sana, na anatembea kama amebeba mayai.

Aliruka. Aliruka toka juu, miguu yote miwili, akatua akichekelea, akaanza kukimbia kuja uwanjani. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu ile simu.

Baba alikuja nyuma yake. Hakusalimia. Alichuchumaa mbele yangu, akafungua gunia.

Yalikuwa magongo yangu. Lakini chini ya kila kishikio palikuwa na pete ya chuma cheusi iliyofuliwa, na kwenye pete ilining'inia kengele, na kando ya kengele kipande cha chuma cha kuigonga. Chinyimba. Baba alichukua moja akaligusisha ardhi. Likalia, na watu kwenye mabenchi wakageuka.

"Yule mzee wa Malakisi alinisumbua," alisema, kama anaendelea na mazungumzo tuliyoyaanza asubuhi. "Alikataa. Ati kengele ni ya mkono, haijawai kuwa ya gongo. Nikarudi tena. Nikamwambia mkono ya huyu mtoto inaishia hapa." Akashika ule mpira wa chini, unaokanyaga udongo. "Akaangaria, akanyamaza, akawasha moto."

"Mimi ndio nilikuwa najaribu!" alidakia mdogo wangu. "Nilianguka nayo mara mingi! Ukanipigia simu, nikapatia baba aendelee."

"Ng'ombe," nikasema.

"Ningesema nini sasa?"

Nilitaka kumuuliza baba kwa nini hakuniambia, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama, machoni, na haulizi, na hayaachii yale magongo. Ndipo nikakumbuka kwamba hawezi kuuliza. Kwetu mzazi haulizi. Alikuwa amekwenda kubishana na mfua chuma, amemfanya mama, mtu wa kanisa, aoteshe kimea, amenificha Kitale mpaka kazi iishe, yote hayo kwa neno ambalo mimi sikuwa nimelitamka.

"Baba, nataka."

"Unataka nini?"

"Kwenda. Mwaka huu."

"Wewe?" Akainuka, akanigeuzia mgongo, jinsi baba wa vijana wengine walivyofanya. "Wewe ni mtoto. Nenda ucheze na wenzako."

"Nataka!" nilipiga kelele. "Nataka, na huyu atangoja nyuma yangu!"

Mgongo wa baba ulikuwa bado kwangu. Nilimwona akipangusa uso kwa mkono wa koti. Kisha akageuka, akanipa magongo.

Nilisimama. Nilipiga hatua, kengele ikalia. Nikapiga nyingine. Msichana wa Kitale alikuwa amekaa kwenye nyasi, mguu wa rangi amenyoosha.

"Hiyo imeisha, Inspekta," alisema. "Huwezi tena kunyemelea mtu."

Kijana wa Saboti aliomba ayashike magongo, akayatikisa, akayarudisha. Kisha akamuuliza baba kama huko tunakokwenda kuna watu wa kuimba. Baba akasema hawatoshi. Akaenda kuzungumza na mama wa yule kijana, wakazungumza kwa muda, na tulipoondoka Kitale baiskeli ya magurudumu matatu ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya pikapu.

Mjomba wangu anaishi Lugulu, karibu na hospitali ya misheni, juu kidogo ya barabara. Baba alisimamisha gari mbali na nyumba, tukashuka. Nilianza kutembea, na kila nilipoweka gongo chini kengele ililia, na nilikuta kwamba nikiharakisha mdundo unakuja wenyewe. Mdogo wangu aliimba wimbo wa kwetu, kijana wa Saboti akaimba wa kwao, kwa nguvu zote, akiendesha kwa mikono kando yangu. Watoto walitoka mashambani wakatufuata. Wanawake waliacha vibuyu vyao.

Huyu mjomba alikuwa mtu mpole kwangu siku zote. Kila nilipokwenda kwake alinitafutia kiti kabla ya wengine, akaniuliza hali yangu kwa ile sauti. Nilikuwa naogopa jambo moja tu sasa, kwamba atatoka nyumbani na kunitafutia kiti.

Alitoka. Alisimama mlangoni, akatazama magongo, akatazama kengele, akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nikasimama mbele yake nikiyapiga magongo ardhini, kushoto, kulia, kushoto. Nikaona taya lake limekaza.

"Nani ameniretea huyu mwoga?" alinguruma, na mate yakanirukia. "Wewe! Utakimbia! Nimeangaria hiyo miguu nikaijua, hiyo ni miguu ya kukimbia! Utaona kisu, utakimbia mpaka Uganda, utaniachia aibu hapa! Rudi kwa mama yako!"

Watu walipiga kelele. Mdogo wangu aliacha kuimba, mdomo wazi. Maisha yangu yote nilikuwa nimewashuku watu walionisemesha vizuri, na sasa mzee mmoja alikuwa ananiambia mbele ya kijiji kizima kwamba nitakimbia, na sikushuku hata neno lake moja. Nilimsogelea hadi magongo yakagusa viatu vyake, nikampigia kengele usoni.